Kumchagulia Mtoto Mdogo Shule
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi wa Kiislamu, Nyamitanga, Mbarara)

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. 

Ilikuwa desturi ya wakubwa wa Makka kuwatoa watoto wao wachanga wakalelewe na wanawake wa jangwani, ili wapate hewa safi na Kiarabu fasihi. Mwaka mmoja wa ukame walifika Makka wanawake wa Banu Saad kutafuta watoto wa kunyonyesha. Kila mmoja alionyeshwa yatima wa Abdallah, na kila mmoja akamwacha, kwa kuwa yatima hana baba wa kulipa ujira. Mwishowe Halima, ambaye hakupata mtoto mwingine, alimchukua, na baraka ikaingia nyumbani mwake. Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, kumchagulia mtoto mlezi ni kazi ya wenye busara tangu zamani. La pili, mtoto aachwaye kwa umaskini wake aweza kuwa ndiye mwenye heri kuliko wote.

Leo mkazi wa Nyamitanga hana haja ya kwenda jangwani. Akivuka mto Rwizi kuingia mjini Mbarara, hukuta nasari nyingi. Sheria ya elimu ya Uganda ya mwaka 2008 iliziacha shule za watoto wasiotimiza miaka sita mikononi mwa watu binafsi, na gharama yake ikawekwa juu ya mzazi. Kwa hiyo serikali hutoa kibali na kukagua, lakini mwenye kuchagua ni mzazi, na mwenye kuulizwa mbele ya Mola wake ni mzazi.

Wengi huchagua kwa macho: ukuta uliochorwa wanyama, sare na soksi nyeupe, na joho la mahafali juu ya mtoto wa miaka mitano. Wengine huchagua kwa masikio: mtoto akirudi na maneno mawili ya Kiingereza, baba huridhika. Hapana dhambi katika Kiingereza wala katika soksi. Lakini ukuta haumfuti mtoto machozi.

Mzazi mwenye akili huenda shuleni asubuhi, siku ambayo hakutazamiwa, akaketi akatazama. Jambo la kwanza la kutazama ni mwalimu. Je, awajua watoto kwa majina? Je, huinama akisema nao? Watoto walio mkononi mwake ni wangapi, na je, yuko wa kumsaidia? Na zaidi ya yote, je, ameshika fimbo? Mtume, aliposikia mtoto analia, aliifupisha sala ili mama yake asitaabike. Na mjukuu wake alipompanda mgongoni, aliirefusha sijida. Sala yenyewe, iliyo nguzo ya dini, mtoto haamrishwi mpaka atimize miaka saba. Basi ni kwa hoja gani mtoto wa miaka minne achapwe kwa kutojua herufi?

Jambo la pili ni mahali penyewe: choo kinachomfaa mtoto, maji ya kunawa, maji ya kunywa yaliyochemshwa, uji wa halali, ua ulio imara, mlango usiofungwa kwa kufuli watoto wakiwa ndani, na mtu wa kujua nani amemchukua mtoto jioni.

Jambo la tatu ni mchezo na lugha. Mtoto mdogo hujifunza kwa mikono. Ampangaye mtoto wa miaka mitatu kwenye dawati kutwa nzima na kumpa mitihani, amemchosha kabla safari haijaanza. Tena mtoto huelewa kwanza kwa lugha ya mama yake. Mwalimu asiyeweza kumfariji kwa lugha hiyo amekuwa mgeni kwake.

Huenda mtu akauliza: je, yawezekana kuyapata haya pamoja na dini, na kwa watu wasio matajiri? Jibu lilitolewa Mombasa. Katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa huko waliona watoto wao wakichelewa shuleni, wakaomba msaada wa Shirika la Aga Khan. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, aliongoza kazi ya kuwafundisha wanawake wa mitaa wawe walimu. Ndipo zikaanzishwa shule za chekechea ambamo Kurani, nyimbo na michezo vilikwenda pamoja, na vifaa vilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana karibu. Kazi hiyo ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wataalamu waliowapima watoto wa nchi hizo tatu, na kuchapisha matokeo mwaka 2008, waliona kuwa waliosoma humo waliendelea katika akili kuliko waliobaki nyumbani, hata kuliko wa chekechea nyingine. Siri haikuwa majengo. Siri ilikuwa mwalimu aliyefunzwa, na wazazi walioihesabu shule kuwa yao.

Yasisahauliwe makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yanayopokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Huko wamo watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, na Kiswahili huwaunganisha wengi wao. Mama aliyekimbia vita akiwa na mtoto mgongoni hana ada, wala hana nafasi ya kuchagua. Mtoto wake ndiye yule aliyeonyeshwa kila mtu akaachwa.

Basi na iwe juu ya kila jumuiya ya Kiislamu kufanya mawili: kuwalipa walimu wa watoto wadogo ujira wa heshima, kwa wakati wake, badala ya kupaka ukuta rangi mpya, na kutenga katika sadaka zake fungu la ada za watoto wasio na wa kuwalipia. Aliyemchukua yatima wa Makka hakupata hasara.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto, awape walezi wema, na awasamehe wazazi mapungufu yao. Amin. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.