Gari la Kulala na Posho ya Mlemavu



Barua ninayoishughulikia wiki hii imetoka Tanga. Aliyeiandika ni mama wa makamo, na nimemwahidi kwamba jina lake halitatajwa. Anasema kaka yake amekaa Uingereza, katika mji wa Leicester, kwa zaidi ya miaka thelathini. Huko alifanya kazi kiwandani mpaka ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulipoinyima miguu yake nguvu. Sasa anatembelea kiti cha magurudumu. Mwaka jana alituma nyumbani picha akiwa mbele ya gari kubwa jeupe ambalo ndani yake lina kitanda, jiko, choo na meza ya kulia. Ni gari-nyumba, kama yale tunayoyaona yakipita na watalii kuelekea mbuga za wanyama.

Picha ile iligawa ukoo. Wajomba wanauliza, mgonjwa gani huyu anayezunguka milima ya Scotland na nyumba mgongoni kama konokono? Wengine wanasema kama serikali inampa fedha kwa ajili ya ugonjwa, basi fedha ni za dawa, na zikibaki ziletwe nyumbani zikaezeke nyumba ya marehemu baba. Lililowakera zaidi ni maneno ya kaka mwenyewe katika simu, kwamba gari lile amelinunua bila kulipa kodi. Mama anamaliza barua kwa swali moja: "Je, kaka yangu ameiba?"

Swali ni zito na linastahili jibu. Kwa haya aliyoyaandika, sioni wizi. Lakini nikiishia hapo wajomba hawataridhika, kwa hiyo tuifungue hesabu yenyewe.

Nianze na dawa. Uingereza matibabu hayalipiwi kutoka katika posho ya ulemavu. Hospitali za umma zinaendeshwa kwa kodi za wananchi wote. Posho ya ulemavu inalipa kitu kingine kabisa, nacho ni ile gharama ya ziada ambayo mtu mzima wa viungo haioni. Kwa watu wa umri wa kufanya kazi katika England, posho hiyo inaitwa PIP, na ilianza mwaka 2013 kuchukua nafasi ya ile iliyoanzishwa mwaka 1992. Ina mafungu mawili. Moja ni la maisha ya kila siku, yaani kuoga, kuvaa, kupika na kula. La pili ni la kutembea na kusafiri. Katika mwaka wa fedha 2025/26 kiwango cha juu cha fungu hili la pili kilikuwa pauni 77.05 kwa wiki, kama pauni 4,000 kwa mwaka.

Hapa ndipo wajomba wanapopotea njia. Posho hii haiulizi una mshahara au huna, wala haikatwi kodi. Na mtu akishapimwa na kukubaliwa, hakuna ofisa anayekuja kukagua risiti. Ukitaka panda teksi, ukitaka mlipe jirani akuendeshe, ukitaka weka akiba ununue gari. Serikali inakubali kwamba wewe ndiye unayejua jinsi ya kutoka nje ya mlango wako.

Sasa kodi. Anayenunua gari jipya Uingereza hulipa VAT ya asilimia 20. Lakini mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuuziwa gari bila VAT, mradi gari hilo limebadilishwa kwa kiasi kikubwa na kwa namna ya kudumu ili limfae yeye: limewekewa mashine ya kumnyanyua, au mlango umepanuliwa, au sakafu imeshushwa. Kifaa cha kubandika leo na kukibandua kesho hakihesabiki. Sheria haijali kama gari ni dogo au lina kitanda ndani, bali inamtazama mtu, inatazama mabadiliko yaliyofanywa, na inataka gari liwe la kuchukua watu wasiozidi 12. Gari-nyumba la pauni 60,000 kabla ya kodi lingeongezewa pauni 12,000 za VAT. Hizo ndizo asizozilipa. Pauni 60,000 anazitoa yeye. Kwa hiyo anayesema serikali imempa gari amekosea. Serikali imeacha kumtoza kodi, basi. Na akiwa kwenye kiwango cha juu cha lile fungu la kusafiri, anasamehewa pia ile kodi ya kila mwaka ya gari, alimradi gari litumike kwa shughuli zake.

Kwa nini gari-nyumba? Si angenunua gari la kawaida akafika kulekule?

Waswahili tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu wa kiti cha magurudumu akipanga safari ya siku tatu, hofu yake ya kwanza ni choo. Atakapofika, mlango wa choo una upana gani? Kuna nafasi ya kugeuza kiti? Kama hawezi kujihamisha mwenyewe kutoka kwenye kiti, nani atamnyanyua, na kwa chombo gani? Huko Uingereza, nchi tunayoisifu kwa mambo hayo, ilibidi kampeni maalumu ianzishwe mwaka 2006 kudai vyoo vya umma vyenye mashine ya kunyanyulia na kitanda cha kumbadilishia mtu mzima nguo. Kabla ya hapo, na sehemu nyingine hata sasa, mtu mzima na akili zake alikuwa analazwa kwenye sakafu ya choo cha umma ili avuliwe na kusafishwa. Hebu fikiri ni baba yako. Kwa mtu kama huyo, gari lenye choo chake, kitanda cha kimo chake na mashine yake ya kumnyanyua ndilo linalomwezesha kulala nje ya nyumba yake bila kudhalilika. Watalii wanalinunua kwa starehe. Yeye analinunua kwa sababu hiyo nyingine, na akistarehe ndani yake, mimi sioni dhambi.

Ngoja niwasimulie historia kidogo, kwani Waingereza wenyewe hawakuanza hapa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, fundi mmoja aitwaye Bert Greeves alimtengenezea binamu yake aliyepooza, Derry Preston-Cobb, kiti chenye injini. Kutokana na kazi hiyo kikazaliwa chombo kilichoitwa Invacar, kigari cha magurudumu matatu, ambacho serikali ilikuja kuwaazima walemavu kwa maelfu. Kilipakwa rangi ya buluu iliyopauka, mwili wake plastiki ngumu, na upepo wa barabarani ulikiyumbisha. Lakini ubaya wake mkubwa ni huu: kilikuwa na kiti kimoja tu. Kubeba abiria ilikuwa marufuku. Baba mlemavu alikwenda peke yake, na mkewe na watoto wakapanda basi. Mume na mke wakiwa wote walemavu, kila mmoja aliendesha cha kwake, wakifuatana barabarani. Na kwa kuwa kilikuwa ni chombo cha kuendesha, asiyeweza kuendesha, kipofu kwa mfano au mtoto, hakupata kitu.

Mimi naona kigari kile kilikuwa na picha ya mlemavu ndani yake. Aliyekibuni kwa ajili ya serikali alimwona mtu mmoja, asiye na familia, anayetoka nyumbani kwenda kazini au hospitali na kurudi. Kwenda harusini na mkewe hakukuwemo kwenye mchoro.

Mambo yalibadilika mwaka 1976, serikali ilipoanza kutoa posho ya kusafiri, pauni 5 kwa wiki, hata kwa asiyeweza kuendesha. Pauni 5 hazikununua gari. Hivyo mwaka 1977 kukaanzishwa mpango uitwao Motability: mlemavu anaikabidhi posho yake, naye anakodishiwa gari la kawaida lenye viti vya familia. Vile vigari vya buluu vilikwisha taratibu, na mwisho wa Machi 2003 vikapigwa marufuku barabarani. Magari-nyumba hayamo katika mpango wa Motability. Anayelitaka hupokea posho yake mkononi na kujikusanyia mwenyewe.

Nisifiche kwamba wezi wapo. Zamani msamaha wa VAT haukuwa na kikomo cha idadi ya magari, na walitokea watu walionunua magari ya kifahari moja baada ya jingine kwa mgongo wa msamaha huo na kuyauza kwa faida. Ndiyo sababu tangu Aprili 2017 mtu anaruhusiwa gari moja katika miaka mitatu, na anayetoa tamko la uongo anaadhibiwa. Mwaka 2025 zogo lilizuka tena, safari hii juu ya Motability, magazeti yakiuliza kwa nini mlipa kodi achangie BMW. Novemba mwaka huo mpango ule ukatangaza kuyaondoa magari ya BMW, Mercedes na mengine ya aina hiyo, na bajeti ikaamua kwamba kuanzia Julai 2026 fedha anazoongeza mteja ili apate gari la bei kubwa zaidi zitozwe VAT. Magari ya kuingiza kiti cha magurudumu yaliachwa nje ya uamuzi huo. Kelele zilikuwa nyingi, lakini waliopiga kelele hawakusema kwamba mlemavu asisafiri. Ugomvi ulikuwa juu ya nembo ya gari.

Mama wa Tanga, kama wajomba wanataka kulaumu, nitawapa cha kulaumu. Posho na msamaha wa kodi havifanani. Posho inamfuata mtu na shida yake, na maskini na tajiri wenye ulemavu uleule wanapata kilekile. Msamaha wa kodi unaufuata mfuko. Mwenye pauni 60,000 anasamehewa 12,000. Asiye na kitu anasamehewa sifuri. Kaka yako alijiwekea akiba kiwandani. Mwenzake wa mtaa wa pili, mwenye miguu kama yake, huenda hajawahi kuusikia msamaha huo kwa sababu haumhusu. Tena wapo wasiopata hata posho. Aliyepatwa na ulemavu akaomba baada ya kufikia umri wa pensheni ya serikali hulipwa posho nyingine, na hiyo haina fungu la kusafiri hata kidogo. Na watu wetu wengi walioko kule kwa viza zinazowazuia kupokea fedha za umma hawawezi kuomba, hata wakikatwa miguu yote miwili.

Ukija kwetu utaukuta msamaha ukiwa mbele ya posho. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamsamehe mlemavu ushuru wa vifaa vyake, likiwemo gari moja lililotengenezwa mahsusi kwa ajili yake. Ni jambo jema, na wapo waliolitumia vizuri. Lakini simama Kariakoo saa nne asubuhi uwaangalie wanaojikokota kati ya meza za machinga, kisha uniambie ni wangapi wanaosubiri meli iwaletee gari. Kuna msamaha mlangoni, ila ufunguo wake ni bei ya gari.

Msamaha uliomfikia maskini niliusikia kutoka Kongo. Kati ya Kinshasa na Brazzaville kuna mto tu, na tangu enzi za Mobutu walemavu walipunguziwa nauli ya kivuko, na watu wa forodha hawakuwabana kwa ushuru. Walichofanya hakikuandikwa katika sheria yoyote. Walichukua baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono, wakazipanua nyuma, wakapakia vitenge, unga na sabuni, wakawa wafanyabiashara wa mto. Watu wazima wa miguu waliwalipa wawavushie mizigo, au waliomba kazi ya kuwasukuma ili nao wapate nafuu ya nauli. Mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, walemavu walifanya biashara ya namna hiyohiyo, baiskeli zimejaa bidhaa hadi dereva haonekani. Baadhi ya wakubwa waliita hiyo magendo. Wenyewe walijenga nyumba, wakaoa, wakasomesha watoto.

Mama, nakushauri barua hii uisome mbele ya wajomba wote wakiwa wameketi, na baadaye umpigie kaka simu umwulize jambo moja ambalo katika barua yako sikuliona: kabla ya gari lile, mara ya mwisho kulala nje ya nyumba yake ilikuwa mwaka gani?