Mbuta Wetu na Soko la Ulaya



Bei ya mbuta ikishuka hapa Mbita, Sori au Muhuru, tunasema, "Ajenti ametupunja." Pengine ni kweli. Lakini wako wasomi waliochunguza biashara hii ya nchi za nje, na maneno yao yanatuhusu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, nchi za Ulaya zilizuia samaki wa ziwa letu mara tatu: kwanza kwa vijidudu vya salmonela, halafu kwa hofu ya kipindupindu, mwisho kwa hofu ya sumu ya kuvulia. Mwaka 2004, Winnie Mitullah wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake Spencer Henson waliandika juu ya mambo hayo. Waliona kwamba viwanda vilitumia pesa nyingi kujirekebisha, lakini ufuoni, mahali samaki anaposhukia, maji safi na barafu bado vilikuwa shida.

Basi tujiulize: samaki akilala juani saa nzima, hasara ni ya nani? Si ya Mzungu. Ni yetu, kwa sababu bei inakatwa hapa hapa.

Sheria za Ulaya hatuziandiki sisi. Lakini kikundi kinaweza kuchanga barafu, kununua mizani yake, kuandika kila kilo kwa daftari, na kumkataza mwenye sumu. Wazee walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Akitia sumu mmoja, tunafungiwa sokoni wote.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.