Amana ya Mtoto na Hesabu ya Siku Zake

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwa wazazi wake. Kwa hiyo Waislamu huzihesabu siku zake tangu azaliwapo: siku ya 7 huchinjiwa akika, na siku ya 40 mama hutoka uzazini. Lakini ipo hesabu nyingine ambayo wengi huianza vizuri kisha wakaiacha njiani, nayo ni hesabu ya chanjo.

Nchini Uganda mtoto azaliwapo huchanjwa kifua kikuu na kutiwa matone ya polio kinywani. Atimizapo majuma 6, yaani mara tu arobaini ikiisha, hurudishwa kwa sindano za kumkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na kichomi. Hurudi tena juma la 10 na juma la 14. Surua huchanjwa miezi 9, na mara ya pili miezi 18.

Huenda mtu akauliza: Je, sindano moja haitoshi? Jawabu ni kwamba mwili hujifunza kama mtoto wa chuoni. Akisomeshwa mara moja husahau. Akirudishiwa baada ya muda, huhifadhi. Ndiyo sababu huachwa majuma 4 baina ya sindano na sindano. Na surua hungojewa miezi 9 kwa kuwa kinga aliyoipata mtoto kwa mama yake huizuia chanjo ikija mapema. Hata hivyo, katika watoto 100 wanaochanjwa umri huo, yapata 15 hawapati kinga mpaka wachanjwe tena.

Wako wasemao kwamba ajali ni ya Mungu. Ni kweli, walakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwagiza bedui amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mola.

Mjini Merca, Somalia, alikuwapo Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, aliyeikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu. Mwezi wa Oktoba 1977 aliugua, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alipopona, hakuficha kosa lake. Aliwasimulia wazazi ili wawachanje watoto wao polio, na kazi hiyo aliifanya hata kufa kwake mwaka 2013.

Basi mama aliyejifungulia nyumbani asingoje arobaini ndipo mtoto apelekwe. Baba au shangazi na amchukue. Aliyechelewa asione haya wala asikate tamaa, kwani mtoto haanzi upya, bali huendelea pale alipokomea. Na kadi ya chanjo ihifadhiwe vema, baba naye aijue tarehe iliyoandikwa, kwa kuwa amana hii ni ya wote wawili.

Mwenyezi Mungu awakuze watoto wa Waislamu katika afya na elimu. Wabillahi taufiki.