Noti za kwaya bila kununua programu

Leo tuko na walimu wa kwaya.

Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ya Marekani ilitangaza kuacha kuiendeleza Finale, programu ya kuandikia noti iliyodumu zaidi ya miaka 35. Usihangaike na nakala zake za wizi. Mara nyingi huja na virusi, na kompyuta ya parokia ikifa utaulizwa wewe.

Badala yake, pakua MuseScore Studio. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Unaandika sauti zote nne, nayo inakupigia. Wa besi anasikia besi yake peke yake, hata mpiga kinanda akiwa safarini. Ila ingia musescore.org. Ile musescore.com ni ya kubadilishana noti, na huko wataomba malipo.

Kurekodi, tumia Audacity, iliyotoka mwaka 2000. Ukishaiweka, haihitaji intaneti. Subirini mvua ikatike kwanza, maana kishindo cha bati hakitoki kirahisi kwenye rekodi.

Bando likiwa dogo, mmoja apakue, wengine mnakili kwa flashi. Leseni za programu hizi mbili zinaruhusu.