Kicheko cha Fanfari
(Maneno yaliyosemwa na wapigaji wa fanfari ya parokia mbele ya wakristu, siku ya Jubile)



Leo, kiisha Misa, mutasikia fanfari yetu ikipiga marshi za kuchekesha. Mutasikia mukubwa anayetembea kifua mbele, na tromboni inayomucheka nyuma yake. Mutasikia kikosi kisichojua mguu wa kuume wala wa kushoto. Wazee wengine wametuuliza: «Je, jubile ya Kanisa ni siku ya muzaha?» Swali lao ni la haki, nasi tunataka kulijibu kwa heshima.

Kwanza, muchezo huu si mugeni katika inchi za Waswahili. Katika miaka ya 1890, kule Lamu na Mombasa, vijana walisikia fanfari za askari wa Wazungu, wakaziiga, wakaunda ngoma yao wenyewe. Waliiita Beni, jina litokalo katika neno la Kiingereza la fanfari. Mombasa vikundi viwili, Kingi na Skochi, vilishindana kwa sare na kwa muziki. Katika Tanganyika vilikuwa Marini na Arinoti. Wachezaji waligawanya vyeo: huyu Mufalme, yule Jenerali, mwingine Kaiser. Vita ya 1914–1918 ilieneza ngoma hiyo mbali, kwa miguu ya askari na wapagazi. Ilifika Malawi, Zambia na Katanga yetu, ambapo watu waliiita Mbeni. Pahali tarumbeta zilipokosekana, watu hawakushindwa: wachezaji wa malipenga katika Malawi waliimbia ndani ya vibuyu vyenye utando wa buibui, navyo vikalia kama shaba.

Kabalo pia iliona vita ile ikipita. Mwaka wa 1915 reli kutoka hapa mpaka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, ilikamilika. Mwezi wa kumi wa mwaka ule Waingereza walishuka Lualaba kutoka Bukama pamoja na mashua zao mbili, Mimi na Toutou, wakafika hapa Kabalo, wakapanda treni kwenda ziwani kupigana na Wadachi. Mukubwa wao, Spicer-Simson, alivaa sketi ya kaki. Watu wakamuita Bwana Chifunga-tumbo. Kabla ya fanfari yoyote kuandika marshi ya mukubwa wa kuchekesha, babu zetu walikuwa wamekwisha kuitunga kwa jina moja tu.

Wamisionari wengi wa siku zile hawakupenda Beni, na wakubwa wa serikali waliiogopa. Wengine walisema ni uasi. Wengine walisema ni wivu wa mutu anayetamani koti la bwana wake. Sisi tunaona neno lingine. Hakuna anayeweza kuiga vizuri kitu asichokijua. Mutu wa Beni aliyemucheka kapiteni alikuwa amejifunza hatua zote za kapiteni.

Hata mafundi wakubwa wa Ulaya na Marekani wamefanya hivyo. Saint-Saëns, aliyepiga kinanda katika kanisa la Madeleine, Paris, miaka karibu 20, aliandika mwaka wa 1886 muziki wa wanyama. Ndani yake kobe wanacheza ngoma ya mbio ya Offenbach, lakini polepole sana. Yeye naye aliona haya kama wazee wetu: alikataza muziki ule, isipokuwa kipande kimoja, usichapwe wakati wa uhai wake; ukachapwa mwaka wa 1922, kiisha kufa kwake. Charles Ives wa Marekani, mtoto wa mukubwa wa fanfari, aliandika marshi ya fanfari ya kijiji, ambamo wapigaji wanaingia mbele ya wakati na kupotezana njiani. Katika fanfari za leo, wote wanaponyamaza mwishoni, saksofoni moja inaendelea bado. Watu wanacheka, lakini kila kosa limeandikwa, na sherti mupigaji ahesabu vema kuliko siku zote kusudi akosee pahali panapotakiwa. Ndiyo sababu tumefanya mazoezi mengi kwa marshi hizi kuliko kwa zile za heshima.

Neno la pili ni zito zaidi. Wahenga walisema: muzaha muzaha hutumbuka usaha. Mwaka wa 1951, katika muji wa Luanshya, Zambia, vijana walicheza Kalela, mutoto wa Mbeni. Walikuwa na daktari wa kuchezea na sista wa kuchezea, aliyewapitia na kioo na kitambaa kusudi wawe safi. Nyimbo zao zilisifu kabila lao na kucheka makabila mengine. Waliochekwa walisimama hapo wakacheka nao, kwa maana walikuwa watani. Lakini pahali pasipo utani, wimbo ule ule ni mukuki. Sisi watu wa Kabalo hatuhitaji kuelezwa. Katika miaka iliyofuata 2013, vita kati ya Waluba na Watwa vilichoma vijiji vyetu na kukimbiza ndugu zetu. Vita kama vile huanza na maneno ya kuzarau, tena maneno ambayo watu waliyachekea.

Kwa hiyo fanfari imejiwekea sheria tatu. Ndani ya Misa hatutapiga marshi ya muzaha hata moja. Hatutacheka kabila, wala kilema, wala masikini. Tutacheka kiburi, tukianza na kiburi chetu wenyewe: katika marshi ya kwanza mutatusikia sisi wapigaji tukigombania kuwa wa mbele, mpaka wimbo unatuponyoka.

Muhubiri wa Agano la Kale ameweka wakati wa kucheka kando ya wakati wa kulia. Kabalo imelia sana. Tunawaomba wazee wakae viti vya mbele, Muluba na Mutwa kiti kwa kiti, na kama watacheka neno lile lile kwa wakati mmoja, fanfari itakuwa imefanya kazi yake ya jubile.

Mungu awabariki wote.