TULINDE VYOMBO VYETU VYA MUZIKI

(Maneno ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi mbele ya mkutano wa wakazi, Oruchinga, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni)



  Najua wengi mlitegemea mwalimu aje kusema juu ya karo, madaftari na utoro wa watoto. Hayo tutayasema siku nyingine. Leo nimeombwa kuzungumza juu ya vikundi vyetu vya ngoma, kwaya na bendi, na hasa juu ya vyombo vyao: gitaa, ngoma, kinanda, spika na jenereta. Nitasema jinsi vinavyoibwa, na jinsi vinavyovunjwa na walevi katika arusi na sherehe zetu.

Tafadhali msicheke. Mkimbizi anapokimbia hubeba mtoto, sufuria na godoro akiweza. Ngoma huiacha. Vyombo tulivyo navyo hapa tumevipata upya kwa jasho. Mmewaona watoto wanaotengeneza magitaa kwa debe la mafuta ya msaada na nyaya za breki za baiskeli. Hao wanatuonyesha jinsi mtu anavyoweza kukitamani chombo. Basi sisi wakubwa tuliokwisha kupata gitaa la kweli, tunalilinda namna gani?

GITAA LILILOPOTEA

Nitawasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe. Silisemi kwa kumwaibisha mtu, na jina la mtu sitalitaja, isipokuwa mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Kikundi chetu kilikuwa na Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda. Tulichangishana shilingi elfu mbili kila mtu kwa wiki, zaidi ya nusu mwaka, tukaenda Mbarara tukanunua gitaa moja. Siku ile tuliporudi nalo, watoto walitukimbilia kama tumeleta bibi arusi.

Siku moja tukaitwa kupiga kwenye arusi. Kama ilivyo desturi, malipo yalikuwa chakula na pombe: tonto ndoo mbili na waragi. Tulipiga hadi usiku. Ikaja mvua ya ghafla, kila mtu akakimbilia penye paa, huyu na spika, yule na ngoma kichwani. Asubuhi tulipokusanya vyombo, gitaa halikuonekana.

Mtu wa mwisho kuonekana karibu nalo alikuwa kijana wa Kirundi, mpiga ngoma wetu hodari, kwa sababu ndiye aliyerudi katika mvua kuokoa spika. Kabla ya saa sita mchana neno halikuwa tena "gitaa limepotea". Neno lilikuwa "Warundi wameiba". Usiku ule mawe mawili yalitupwa juu ya bati la nyumba ya mama yake. Kesho yake mama huyo alikuja kwangu, akaniambia, "Mwalimu, mwanangu umemfundisha, unamjua. Waambie."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa katibu wa kikundi. Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha nani alipokea chombo gani usiku ule. Nikaogopa kusema, watu wasije wakadhani na mimi nimo. Nilinyamaza siku tisa.

Siku ya kumi mama muuza pombe wa ng'ambo alituma mtu: "Njooni mlipe deni, mchukue gitaa lenu." Mmoja wetu, mpigaji mwenyewe, alikuwa ameliweka rehani kwa ajili ya kinywaji usiku ule wa arusi, kisha akalewa hata asikumbuke alikoliacha. Deni lilikuwa shilingi elfu kumi na nne. Tulilipa, tukalipata gitaa. Lakini kijana yule hatukumpata. Hajapiga ngoma na sisi tena hadi leo. Tukikutana njiani husema, "Shikamoo, Mwalimu," nami huitikia, na inaishia hapo.

Kwa hiyo nimejifunza jambo moja ambalo ndilo nililokuja kusema leo. Daftari la vyombo hulinda gitaa, lakini zaidi hulinda jina la mtu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza: huisha na habari za uongo, na hapa tulipo, makabila na mataifa mengi katika kijiji kimoja, habari ya uongo yaweza kuua mtu.

WAZEE WALITUNZAJE?

Hatuanzi sisi. Nchi hii tuliyopokelewa, Ankole, ilikuwa na ngoma yake ya kifalme iitwayo Bagyendanwa. Kabla falme za Uganda hazijafutwa mwaka 1967, ngoma ile ilikuwa na nyumba yake, walinzi wake, hata ng'ombe wake. Hakuna aliyeuliza ngoma iko kwa nani.

Kule Burundi, ndugu zetu wanaijua Gishora, karibu na Gitega, ambako ngoma za mfalme zilitunzwa na jamaa zilizorithishana kazi hiyo baba kwa mwana. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika ngoma hiyo ya Burundi katika urithi wa wanadamu wote. Isingefika huko kama kila mtu angeondoka nayo baada ya sherehe.

Hata katika muziki wa mjini ni hivyo. Bendi ya NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Wapigaji walikuja na kuondoka, mwenye vyombo akajulikana.

Sisi hapa vyombo vyetu husemwa ni "vya kikundi". Maana yake, zikifika shida, si vya mtu yeyote.

WALEVI NI WATU WETU

Sasa niseme juu ya walevi. Mwizi huja kwa siri, lakini mlevi huja akicheka. Naye si mgeni: ni mjomba wa bwana arusi, ni mzee aliyetoa mbuzi. Anapanda mbele ya watu na chupa mkononi, anasema, "Lete hilo gitaa, mimi nilikuwa napiga Bukavu kabla hujazaliwa!" Utamsukuma? Utamkosea heshima mbele ya wakwe? Basi unampa, na dakika tano baadaye nyuzi mbili zimekatika, au kasiksi imemwagika juu ya amplifaya. Nimeona pia mlevi aliyejikwaa kwenye waya, akaangusha spika juu ya mtoto aliyekuwa akicheza mbele yake. Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Kimiminika na umeme wa jenereta havipatani, na hilo si la kufanyia mzaha.

Lakini tuseme kweli. Mlevi wa hatari zaidi ni yule wa upande wetu, mpigaji anayelipwa kwa pombe. Ukimlipa mlinzi wa ghala kwa pombe, utashangaa ghala likiwa wazi?

MAPENDEKEZO

Baada ya jambo lile kikundi chetu kilikaa, kikaweka taratibu hizi. Nawaletea mzichukue, mzirekebishe.

1. Daftari moja. Kila chombo kiandikwe: aina, rangi, namba ya kiwandani kama ipo, na kasoro zake. Anayekichukua aweke sahihi au dole gumba, na anayekirudisha vivyo hivyo, mbele ya shahidi mmoja asiye jamaa yake.

2. Alama ya siri. Ngoma ichomwe alama kwa chuma cha moto upande wa chini. Gitaa liandikwe ndani ya tundu. Vyote vipigwe picha kwa simu, na picha zikae kwa watu watatu.

3. Mlinzi mmoja kwa kila sherehe. Huyu hapigi, hachezi, hanywi. Kazi yake ni kuhesabu vyombo vinapofika, mvua inapoanza, na vinapoondoka. Alipwe kwanza kabla ya wapigaji.

4. Malipo yawe fedha au chakula. Pombe isiwe mshahara. Anayetaka kunywa anywe kwake, baada ya vyombo kufungiwa.

5. Mahali pa kupigia. Vyombo vikae ukutani, mbele yake mabenchi, na wazee wenye kuheshimika waketi hapo. Nyaya zipite nyuma. Chupa na vikombe visivuke mabenchi.

6. Neno la heshima kwa mlevi. Tumekubaliana jibu moja: "Mzee wetu, keti hapa mbele, wimbo huu ni wako." Anatajwa jina, anapigiwa makofi, anaketi. Mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, jamaa zake waitwe, si vijana wenye fimbo.

7. Saa ya mwisho. Mwenye sherehe akubali kabla kwamba muziki unakoma wakati bado watu wanaonana.

8. Chombo kikipotea, habari iende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji pamoja na daftari, kisha polisi. Asitajwe mtu wala kabila. Na wauza pombe wakumbuke kwamba kupokea mali ya wizi ni kosa katika sheria za Uganda.

Kwa Kamati yetu ninaomba chumba kimoja tu chenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili, juu ya sakafu isiyo na maji wala panya, maana panya wa hapa wanapenda ngozi ya ngoma kuliko mahindi.

Kwa wafanyakazi wa mashirika: tunashukuru mnapoleta vyombo kwa ajili ya vijana. Lakini kabla ya kukabidhi na kupiga picha, tafadhali ulizeni maswali matatu: kitalala wapi, nani ataandika, nani ataulizwa. Msipopata majibu, subirini. Zawadi isiyo na mwenyewe hutuletea ugomvi.

Mwisho, nina neno kwa kijana yule, kama yupo hapa au kama maneno haya yatamfikia katika jarida hili. Mwanangu, gitaa lilipatikana, na sisi tulitangaza kwamba limepatikana. Hatukutangaza kwamba wewe hukuiba. Natangaza leo, mbele ya Kamati na wazee. Hukuiba. Ulirudi kwenye mvua kuokoa mali ya wote, nasi tukakuacha peke yako. Jina lako limeandikwa katika daftari jipya, ukurasa wa kwanza, mbele ya ngoma kubwa. Nafasi ya sahihi bado iko wazi.