Kitovu cha Ndama: Maneno kwa Wafugaji wa Kiplombe



Kiplombe, kando ya mji wa Eldoret, ni mahali pa ng'ombe wa maziwa, na watu wake wajua thamani ya mtamba. Lakini huenda mtamba akapotea kabla hajatimiza mwezi. Mwenyewe huona goti limevimba, ndama anachechemea, naye husema, "Alikanyagwa na mama yake." Yafaa kwanza apapaswe kitovu. Kikiwa kinene, cha moto, chenye usaha au harufu mbaya, basi ugonjwa ulianzia huko.

Sababu ni hii. Ndama akizaliwa, kitovu hukatika na kubaki kibichi kwa muda wa kama juma moja. Ndani yake mna mshipa wa damu uendao moja kwa moja mpaka kwenye ini. Vijidudu vya mavi na matope vikiingia humo huenea katika damu, vikakaa katika maungio ya miguu. Kwa hiyo majira ya mvua, zizi likiwa tope tupu, hatari huzidi.

Tena ndama si kama mtoto wa binadamu, ambaye hupata kinga tangu tumboni mwa mamaye. Ndama huipata katika dang'a. Matumbo yake huipokea vema kwa saa 6 za kwanza, na baada ya saa 24 hayaipokei tena. Ndama wa kilo 40 anywe lita 3 au 4 mapema. Aliyezaliwa usiku akaachwa mpaka asubuhi amekwisha kupoteza saa zilizo bora. Na kwa kuwa kiwanda cha maziwa hakinunui dang'a, kumnyima ni ubahili usio na faida hata ya senti moja.

Ng'ombe aliyekaribia kuzaa atengwe penye nyasi kavu na safi. Kitovu kisivutwe, kichovywe chote, mara tu baada ya kuzaliwa, katika kikombe cha ayodini ya asilimia 7. Kupaka kwa kidole hakutoshi, na kidole chenyewe mara nyingi ni kichafu. Ndama walalao pamoja hunyonyana vitovu, basi kila mmoja apewe mahali pake.

Goti likiisha kuvimba, daktari wa mifugo aitwe siku ile ile. Dawa ikianza mapema ndama aweza kupona. Maungio yakiisha kuharibika, hata akiishi atabaki kiwete.